Mwandishi, Kachero na Askari wa Mpakani

Mtu akaaye Molo, katika wilaya ya Tororo, hana shida ya kupata habari. Akifungua redio yake jioni husikia Kampala. Akizungusha mshale kidogo husikia Nairobi. Mpaka uko karibu, na mawimbi ya redio hayaulizwi pasi katika vituo vya Malaba na Busia. Kwa askari wa jeshi au wa polisi aliye kazini katika sehemu hizo, jambo hilo lina faida na lina hatari. Faida ni kwamba aweza kulinganisha. Hatari ni kwamba tukio moja, likisimuliwa na sauti mbili zinazopingana, humwacha hajui lipi la kushika, hali bunduki imo mikononi mwake.

Swali ambalo askari hana budi kujiuliza ni hili: habari hii, kabla ya kumfikia mtangazaji, ilipitia kwa nani? Historia ya miaka ya vita baridi inatoa jibu ambalo halikupendeza wakubwa wa Magharibi wala wa Mashariki. Mara nyingi ilipitia kwanza katika ofisi ya kachero.

Katika Marekani, tangu miaka ya 1950, ilikuwa desturi kwa wahariri wakuu, wenye magazeti na waandishi waliokuwa wakijiandaa kwenda Moscow au nchi nyingine za kikomunisti kukutana kwanza na maafisa wa Shirika la Ujasusi, CIA. Shirika hilo wakati huo liliongozwa na Allen Dulles, aliyeshika kazi hiyo kuanzia mwaka 1953 hadi 1961, na ambaye alikuwa na urafiki wa karibu na wakubwa wa vyombo vya habari. Namna ya kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Mhariri hukaribishwa chakula cha mchana, au huitwa ofisini kwa mazungumzo ya heshima. Huelezwa atakutana na nani, yupi kati ya wenyeji wake ni mtu wa usalama, neno gani asilisadiki, na kitu gani akiangalie kwa makini. Arudipo huketishwa tena, safari hii yeye ndiye msemaji: aliona nini, alisikia nini, viongozi walikuwa na afya gani, watu wa kawaida walikuwa na moyo gani.

Mambo hayo yalitoka hadharani katikati ya miaka ya 1970. Kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Seneta Frank Church ilianza uchunguzi mwaka 1975, na katika taarifa yake ya mwaka 1976 ikasema kwamba waandishi na wafanyakazi wa vyombo vya habari vya Marekani wapatao 50 walikuwa wamewahi kuwa na uhusiano wa siri na CIA. Mwezi Oktoba 1977 mwandishi Carl Bernstein, ambaye pamoja na mwenziwe alikuwa amefichua kashfa ya Watergate, aliandika kwamba idadi ya waandishi waliolitumikia shirika hilo kwa namna mbalimbali, kwa muda wa miaka 25, ilizidi 400. Kabla ya hapo, mwezi Februari 1976, mkurugenzi wa CIA wa wakati huo, George Bush, alikuwa ametangaza kwamba shirika lake halitamwajiri tena kwa malipo mwandishi yeyote wa habari aliyeidhinishwa na chombo cha Marekani.

Yapasa kusema kwa haki kwamba si kila mazungumzo ya namna hiyo ni uovu. Msafiri aendaye nchi ya mbali hana kosa akiuliza hali ya njia. Tena mhariri aliyejulishwa kwamba mkalimani wake ni mtu wa usalama atachunga ulimi wake, na huenda akawaokoa watu maskini ambao wangemwambia ukweli mbele ya mtu huyo. Ubaya huanzia mahali pengine. Huanza pale mhariri anapoficha kwa wasomaji wake kwamba macho aliyokwenda nayo alikuwa ameyaazima.

Polisi anaelewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Mashahidi wawili wakifika mbele ya hakimu na maneno yao yakafanana, kesi imepata nguvu. Lakini ikigunduliwa kwamba mashahidi hao walikaa pamoja usiku kucha wakipatanisha maneno, basi hakimu hahesabu tena mashahidi wawili. Pengine hahesabu hata mmoja. Ndivyo ilivyo kwa gazeti na idara ya ujasusi. Kachero humwambia mhariri, mhariri huandika, kachero mwingine, katika mji mwingine, husoma gazeti, akalikata na kulitia ndani ya jalada kama ushahidi mpya. Mkubwa wa serikali akiletewa jalada huona habari imetoka pande mbili, akaridhika. Kumbe ni sauti moja na mwangwi wake.

Madhara ya urafiki huo kwa askari yalionekana katika Kuba. Mapema mwezi Aprili 1961, mwandishi Tad Szulc wa gazeti la The New York Times alipata habari kwamba Wakuba waliokimbia serikali ya Fidel Castro walikuwa wakifunzwa vita kwa msaada wa CIA, na kwamba uvamizi ulikuwa karibu. Wakuu wa gazeti walijadiliana, wakapunguza uzito wa habari hiyo. Ilipotoka tarehe 7 Aprili, kichwa chake kilikuwa kimefanywa kidogo, na maneno yaliyosema kwamba uvamizi u karibu, pamoja na jina la CIA, yalikuwa yameondolewa. Siku 10 baadaye watu wapatao 1,400 walishushwa katika Ghuba ya Nguruwe. Walikuwa wameaminishwa kwamba wenyeji wangeinuka kuwaunga mkono. Hakuna aliyeinuka. Katika muda wa siku tatu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa na zaidi ya 1,100 wametekwa. Baadaye Rais Kennedy mwenyewe alimwambia mhariri mmoja wa gazeti hilo kwamba lau wangechapisha zaidi, wangeiokoa serikali na kosa kubwa mno. Kimya cha gazeti kilidhaniwa kuwa msaada kwa jeshi, na matokeo yake wanajeshi wakatumbukia shimoni.

Asidhani mtu kwamba upande wa pili ulikuwa safi. Katika nchi za kikomunisti gazeti na dola vilikuwa kitu kimoja, na kitambulisho cha mwandishi kilikuwa vazi jepesi la kachero. Ilya Dzhirkvelov, afisa wa KGB aliyewahi kukaa Tanzania na Sudan kwa jina la mwandishi wa shirika la TASS, alikimbilia Uingereza mwaka 1980 na kueleza kwa urefu namna kazi hizo mbili zilivyofungwa pamoja. Kenya nayo ilimfukuza mwandishi wa Shirika la Habari la China Mpya mwaka 1965, na mwezi Machi 1966 ikawatoa wanabalozi na waandishi kadhaa wa nchi za kikomunisti. Hivyo Mwafrika wa miaka ile alikuwa kati ya ngoma mbili, na wapigaji wa kila ngoma walimwambia kwamba ngoma ya wenzao ndiyo ya uongo.

Matokeo yake katika Afrika Mashariki yalijitokeza mapema. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa. Waandishi wachache wa Marekani na Uingereza walivuka kwa jahazi kutoka pwani ya Tanganyika, na katika muda wa siku chache dunia ikaanza kusoma kwamba Zanzibar imekuwa Kuba ya Afrika, na kwamba askari wa Kuba wameonekana mitaani. Walioonekana walikuwa vijana wa Kizanzibari waliokuwa wamepata mafunzo Kuba, wamevaa mavazi ya kule na kupiga salamu za kule. Macho yaliyokuwa yametayarishwa kumtafuta Mkuba yalimwona Mkuba. Wakati huohuo mtu aliyejitangaza redioni kuwa Field Marshal na kiongozi wa mapinduzi alikuwa John Okello, fundi wa kujenga, mzaliwa wa Lango katika Uganda. Idara zilizokuwa zimekodolea macho Havana na Peking hazikuwa zimemjua kabisa mtu aliyetoka Lango.

Ilipita kama wiki moja tu, moto mwingine ukawaka. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika waliasi. Tarehe 23 wakaasi wa Uganda katika kambi ya Jinja, wakamshika Waziri Felix Onama. Na tarehe 24 wakafuata wa Kenya katika kambi ya Lanet. Kwa kuwa maasi hayo yalikuja baada ya Zanzibar, wengi katika magazeti na ofisi za nje walitafuta mkono wa kikomunisti uliokuwa ukivuta kamba. Walipochunguza hawakuuona. Askari walitaka mishahara iongezwe, na walitaka maafisa wa Kiingereza wawapishe Waafrika. Jambo hilo lilikuwa likisemwa kambini waziwazi, na afisa ambaye angewasikiliza watu wake kwa dakika 10 angelijua. Lakini masikio yalikuwa yameelekezwa mbali.

Mwaka 1965 ulileta jambo lililogusa moja kwa moja njia ya mpakani. Mwezi Mei polisi wa Kenya, katika sehemu za Kisii, walisimamisha msafara wa malori ya jeshi la Uganda uliokuwa ukitoka Tanzania. Ndani yake mlikuwa na silaha za Kichina. Askari wa Uganda waliokuwa wakiusindikiza walizuiliwa. Serikali ya Kenya haikuwa imearifiwa kwamba shehena hiyo itapita katika ardhi yake. Mwezi uliotangulia Mzee Kenyatta alikuwa ameikataa meli ya Kirusi, Fizik Lebedev, iliyofika Mombasa na silaha. Kwa hiyo watu walikuwa wamekwisha kaa mkao wa shaka. Mara moja pakazuka maneno kwamba silaha za Kisii zilikuwa za Makamu wa Rais, Oginga Odinga, aliyejulikana kuwa rafiki wa nchi za Mashariki. Ikambidi Dakta Milton Obote asafiri mwenyewe hadi Kenya kumwomba radhi Mzee Kenyatta, ndipo askari na malori yao wakaachiliwa. Silaha zilikuwa za Uganda. Uvumi ulipata nafasi kwa sababu wenye habari ya kweli walikuwa wameificha hata kwa jirani ambaye njia yake waliitumia.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi, ingawa yalijulikana baada ya zaidi ya nusu karne. Mwaka huohuo wa 1965 wanasiasa na wahariri katika Kenya walipelekewa kijitabu kilichodai kutoka kwa chama kilichojiita People's Front of East Africa. Kilimshutumu Kenyatta na kumsifu Odinga kwa lugha ya mapinduzi ya Kichina. Habari zake ziliingia magazetini, na wengi wakaona kwamba hatari ya kikomunisti imethibitika kwa maandishi. Majalada ya serikali ya Uingereza yaliyofunguliwa, na kuelezwa na wachunguzi mwaka 2022, yalionyesha kwamba chama hicho hakikuwapo kamwe. Kijitabu kiliandikwa na kitengo cha siri cha idara ya propaganda ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, idara iliyoanzishwa mwaka 1948 na kufungwa mwaka 1977. Nia ilikuwa kumharibia Odinga jina kwa kumsifu kupita kiasi. Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwezi Aprili 1966.

Hapa msikilizaji afikirie kazi ya ofisa wa polisi wa mwaka 1965 aliyeletewa kijitabu hicho mezani. Aliambiwa awatafute wanachama wa chama kisichokuwapo. Ni watu wangapi walifuatwa nyuma, na ni saa ngapi za kazi zilipotea, kwa ajili ya karatasi iliyoandikwa London? Na ikumbukwe kwamba aliyeitunga alijiita rafiki wa serikali iliyodanganywa.

Uganda nayo ilipata funzo lake, na hili lilikuwa la uchungu kwa sababu liliwachafua watu wasio na hatia. Mwaka 1961 Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alianzisha jarida liitwalo Transition. Humo waliandika watu wenye vichwa: Ali Mazrui, Okot p'Bitek, hata Mwalimu Nyerere. Walibishana kwa uhuru juu ya chama kimoja, lugha na uongozi. Jarida lilipata msaada wa fedha kutoka kwa jumuiya ya Paris iliyoitwa Congress for Cultural Freedom. Katika miaka ya 1966 na 1967 ikafichuliwa kwamba jumuiya hiyo ilikuwa ikilishwa na CIA kwa siri. Neogy alisema hakuwa amejua. Lakini tangu siku hiyo, kila neno la ukweli lililokuwa limechapishwa na jarida lile likawa na doa. Mwezi Oktoba 1968 Neogy alikamatwa pamoja na Abu Mayanja, mbunge, kwa sababu ya barua ya Mayanja iliyochapishwa humo juu ya mambo ya katiba na mahakama. Mapema mwaka 1969 mahakama haikuwaona na hatia ya uchochezi, lakini wakazuiliwa tena chini ya sheria ya hatari. Neogy aliachiliwa baadaye mwaka huohuo, na jarida likahamia Ghana.

Hoja za Mayanja zilistahili kujibiwa kwa hoja, lakini sasa kila asiyependa kujibu alikuwa na neno tayari mdomoni: hilo ni jarida la majasusi. Fedha ya siri haikununua kalamu za waandishi wale, ila iliwapa adui zao fimbo. Vivyo hivyo mwandishi wa kweli aendaye nchi ya wageni hukamatwa na kushukiwa kwa sababu ya mwenziwe aliyetangulia akiwa na maagizo mfukoni. Ndiyo maana waandishi wenyewe katika Marekani walidai desturi ile ikomeshwe.

Turudi mpakani. Mwezi Desemba 1987 risasi zililia Busia, mji ambao ni mmoja kwa watu wake na ni miji miwili kwa ramani. Kwa siku kadhaa askari wa Uganda na polisi wa Kenya walipigana; watu wakauawa na mpaka ukafungwa. Nairobi ilisema walioanza ni Waganda. Kampala ilisema walioanza ni Wakenya. Huko nyuma mambo yalikuwa yamekwisha chachuka: Kenya ilikuwa ikiishutumu Libya kwa kuwafundisha wapinzani wake, na ikadai kwamba wengine walipitia Uganda, mwezi huohuo ikaufunga ubalozi wa Libya. Kwa hiyo askari aliyekuwa kizuizini hakumwona jirani aliyemzoea, aliyekuwa akinunua naye sukari katika soko moja. Alimwona mtu aliyeelezwa redioni.

Nao wakaao pande zote mbili ni ndugu. Mwaka 1902 Waingereza walipoichukua Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunganisha na ardhi iliyokuja kuitwa Kenya, mstari uliwapitia Wateso katikati. Mteso wa Molo anao shemeji na wajomba ng'ambo, na wakati wa msiba watu huvuka. Hao walikuwa wakijua kilichotokea Busia kabla ya mhariri yeyote, wala hawakuulizwa. Tarehe 28 Desemba Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba na mambo yakatulizwa. Viongozi wawili, wakiongea ana kwa ana, walimaliza katika siku moja jambo ambalo maneno ya mbali yalikuwa yamelikuza kwa wiki mbili.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni njema kwa mzee wa kijiji, lakini kwa askari ni ya hatari, kwa maana yeye anao uwezo wa kulileta hilo lisilokuwapo. Akiamini kwamba adui yuko ng'ambo ya mto, akafyatua risasi moja, adui atakuwapo kabla ya jua kutua.

Basi jeshi na polisi wasione ukweli wa habari kuwa ni kazi ya waandishi peke yao. Idara ya usalama ikiwa na jambo la kuwaeleza wananchi, na ilieleze kwa jina lake, kupitia msemaji ambaye kesho aweza kuulizwa. Ikiwa na jambo la siri, na ilinyamazie. Lakini isimpe mwandishi maneno yake ayaseme kana kwamba ni yake, kwa maana siku itakapohitaji kujua yanayotendeka kweli katika nchi, itafungua gazeti na kukuta imejisoma yenyewe.

Na askari aliyeko Molo, Busia au Malaba, asikiapo habari nzito juu ya jirani, afanye kama afanyavyo polisi mwenye kesi. Aulize ni nani aliyeona kwa macho. Aulize kama mashahidi walikaa pamoja kabla ya kusema. Kisha, kabla ya kukaza kidole, avuke hadi kwenye kizuizi na kumwuliza mwenziwe wa upande wa pili, ambaye pengine naye usiku ule alikuwa amekaa macho akisikiliza redio.